Mafuta Yamefika Ufukweni Kwetu, Mama

Mama yangu mpenzi,

Tangu wiki iliyopita situlii. Nafungua dirisha, nafunga. Meli ya mafuta imepasuka nje ya bandari, mawimbi yanaleta uchafu mweusi, na harufu yake imepanda mpaka kwenye fleti yetu hapa South Beach.

Unakumbuka ulivyoiona bahari mara ya kwanza, tulipofika kutoka Burundi? Ulichota maji kwa kiganja, ukaonja, ukatema. "Ziwa gani hii iko na chumvi hivi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka baadaye ukabatizwa humo humo, wimbi likakubebea kilemba, ukatoka unaimba kichwa wazi mbele ya mchungaji. Ukasema mjukuu wako Chantal naye atabatizwa pale pale. Ukamshonea kanzu nyeupe kabla ugonjwa haujakulaza.

Ubatizo ulipangwa Jumapili. Jumamosi, akitoka mazoezi ya ubatizo kanisani na kanzu mkobani, Chantal alipitia ufukweni. Akakuta ndege wa baharini, mabawa yamegandamana, anajisafisha kwa mdomo huku akiyameza yale mafuta. Alimfunga kwenye kanzu, akakimbia naye hadi hema la wanaoosha ndege.

Nilimfokea. "Hiyo ni kazi ya mikono ya bibi yako!"

"Maman, alikuwa anatetemeka. Ningemshika na nini?"

Ndege alikufa kabla hawajamaliza kumwosha. Kanzu nimeifua na kuifua, doa halitoki.

Mchungaji akahamishia ubatizo Pinetown, mbali na bahari, kwenye bwawa la plastiki nyuma ya kanisa. Wenzake Chantal waliingia mmoja mmoja. Yeye, ndani ya gauni la kuazima, akasimama ukingoni.

"Mchungaji, mimi nitangojea bahari."

"Na kama itachukua miaka?"

"Nitangojea."

Kanisa zima likanigeukia mimi. Nikaenda nikasimama upande wake.

Sijui kama nimefanya vizuri. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini saluni tunashuka na wenzetu kuzoa mchanga mweusi. Kesho yake tunaukuta mwingine. Wengine wanasema bahari itapona, wengine wananyamaza, na hao wanaonyamaza ndio wanaonitisha. Ungekuwepo ningekuuliza.

Chantal ananiita mlangoni, ameshavaa mabuti. "Maman, twende, maji imerudi nyuma!"

Nakuacha hapa, Mama. Pumzika kwa niaba yangu pia.

Binti yako