Jina Kwenye Bawa la Kushoto

Jumapili, Mlandege. Baridi ya Julai, upepo unagonga bati tangu asubuhi, nami sijatulia hata dakika tano. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda dirishani, nimerudi.

Mke wangu Tumaini yuko Rujewa kwa mama yake, anasubiri kujifungua. Wiki ya nne sasa. Mama mkwe alisema wazi: mume haji mpaka aitwe. Nimekubali, kwa mdomo tu.

Mikono ndiyo iliyokataa. Nikafungua lile sanduku la ndege ya kuchezea, ya kuunda mwenyewe, aliloniachia mwalimu mwenzangu Mjerumani alipoondoka: vijiti vya mbao nyepesi, karatasi laini ya kufunikia, na maelezo ya Kijerumani nisiyoelewa hata neno. Lo, dude lenyewe kubwa! Mabawa yamekula kitanda kizima, mimi nalala mkekani.

Mwaka juzi tulijiandaa kama wapumbavu. Nepi, kofia, kitanda kidogo nilichokiranda mwenyewe. Mtoto akaja, hakulia. Majirani niliwaona wakikitazama kile kitanda, kana kwamba ndicho kilicholeta msiba. Safari hii tukaapa hatununui hata pini.

Leo baada ya ibada mama yangu kapita kunijulia hali. "Kamwene," akanisalimu kwa kilugha chetu, halafu akaiona ndege. Akauliza naiunda kwa ajili ya nani.

Nikamwambia ni yangu mwenyewe.

"Na ndevu zako zote hizo?" Akazunguka kitanda polepole, akainama kwenye bawa la kushoto. Mama hasomi sana, lakini jina la marehemu baba yangu analijua.

Nililiandika juzi kwa rangi nyekundu. Ndilo tunalotaka kumpa mtoto akiwa wa kiume. Sijui kilichonipata. Brashi ilikuwa mkononi, rangi ilibaki kidogo, nikaandika.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Mtoto hajafika, ushamwita?" Akajifunga kanga yake akaondoka bila kunywa chai.

Nimechukua wembe nikalikwangua. Karatasi ikachanika, sasa bawa lina tundu la kupitisha mkono. Mimi Mkristo, mwalimu wa ufundi, kila siku nawaambia wanafunzi waache ushirikina. Leo mimi ndiye niliyekimbilia wembe.

Naogopa nimemponza mwanangu kwa rangi ya kopo.

Na kuna jingine, acha niliandike liishe. Siku ile mtoto alipokuja kimya, mimi nilikuwa karakana, napiga msasa kitanda chake. Tumaini alikuwa peke yake. Hajanilaumu hata siku moja, na mimi sijamwomba radhi.

Kuna basi la Mbeya kesho asubuhi, litanishusha njia panda ya Rujewa. Sijaitwa, lakini naenda. Mama mkwe akinifukuza, na anifukuze. Nitakaa nje ya ua wake mpaka nisikie mtoto analia.