Usimuue, Mama

Jumatatu, 3 Juni
Wamekikubali! Kitabu cha mwanangu wamekikubali! Mchapishaji kapiga simu mwenyewe, nimesikia kwa masikio yangu — leteni sura ya mwisho kabla mwezi haujaisha, tunachapa. Nilipiga kigelegele mpaka mteja akadondosha maini. Huyo nimemzaa mimi! Mimi mwenye bucha, darasa la saba!

Jumatano, 5 Juni
Kamvunja mwanangu vidole. Mkwe. Vitatu, mkono wa kulia. Kauweka mkono wa mkewe kwenye fremu ya mlango, kaubamiza. Mara mbili. Ya kwanza mwanangu alidhani bahati mbaya.
Kisa? Kasoma ile sura ya mume mwenye mkanda, kasema huyu ni mimi. Na ni yeye! Mpaka anavyosafisha koo kabla ya kupiga.
Mwanangu kaja kwangu kwa miguu, mkono kaufunga mtandio, unachuruzika. Mimi napasua mifupa kila siku, damu hainitishi. Ile ilinitisha.

Alhamisi, 6 Juni
Plasta mpaka kiwiko. Mchana Mkwe huyo, dukani, shikamoo mama, nimemfuata mke wangu. Marahaba yangu ilikuwa fupa la paja la ng'ombe. Lilimpata begani, akaangukia ndoo ya utumbo. Kainuka na utumbo shingoni kama tai ya bwana harusi! Akasema, mama, utanijua. Nikamwambia nakujua, baba, ungekuwa mgeni ningetumia shoka.
Wateja walicheka. Mimi nilienda kutia komeo mlango wa nyuma.

Jumapili, 9 Juni
Wamekuja wenzake mwanangu, wale wanawake wanaoandika, wanaokutana chumba cha nyuma ya bucha. Nilidhani watalia. Wapi! Msusi kamuuliza: mdomo nao kauvunja? Hajauvunja. Basi sema, sisi tuandike.
Nesi mstaafu kasema mume wake alimchomea mashairi, akamchoma na paja. Katuonyesha kovu. Akawa anaandika chooni, kwenye maboksi ya dawa. Hofu haiondoki, mdogo wangu, kasema — mpe kiti pembeni, wewe endelea na kazi.
Wana sheria moja: anayemwandikia mwenzake haongezi neno lake.

Jumanne, 11 Juni
Msusi kabanwa na wateja, zamu ikawa yangu! Mwandiko wangu mkubwa kama wa mtoto, lakini unasomeka.
Mwanangu anasema, mimi naandika. Tukafika sehemu ya jikoni, mume kampa mke mgongo — mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaandika kisu. Nikaandika kinapoingilia, chini ya ubavu, na kinavyozungushwa. Nusu ukurasa!
Nilipomsomea alicheka kwanza. Halafu kanishika mkono wenye kalamu. Usimuue, Mama, kasema. Akifa atapumzika. Nataka abaki asikie.
Nimefuta. Shingo upande.
Jioni Msusi kanicheka: mama, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nikamjibu, mwenye kisu kikali ndiye mlaji. Na nyama yenyewe mnainunua kwangu!

Alhamisi, 13 Juni
Imekwisha! Mke anatoka, anaacha mlango wazi. Basi, ndio mwisho. Mimi haukunishibisha, lakini Nesi kalia mpaka kamasi. Msusi kapiga picha kurasa zote, kazituma kwa mchapishaji. Hata mtu azichome sasa, kachelewa.
Saa ileile ujumbe wa Mkwe. Anakuja Jumamosi na kaka zake. Mke wataondoka naye, na makaratasi yake — na safari hii, kasema, sivunji vidole. Navunja shingo.
Nikasema tufunge duka, twende kwa dada yangu. Mwanangu kakataa. Kawaita wenzake wote siku hiyohiyo. Atasoma sura ya mwisho, sauti ya juu, mlango wazi. Kama Mkwe anataka kujisikia kitabuni, aje ajisikie.
Huyo ndiye niliyemzaa. Moyo unanipasuka, sijui kwa fahari au kwa woga.
Nimenoa visu. Vyote, hata kile cha mifupa. Mwanangu kasimama nyuma yangu, plasta kifuani. Usimuue, Mama. Nikamuuliza, yupi, wa kitabuni au huyu?
Kachukua kile kidogo cha kuchunia, kwa mkono wa kushoto, kakipima makali kwa kidole gumba. Kakirudisha mezani. Upande wake wa meza, atakapokaa kusoma.
Viti nimeazima, havitoshi. Msusi, Nesi, wenzao, Mkwe na kaka zake — wote Jumamosi.