Niliwaambia Uko Nyuma, Unakuja

Baba, shikamoo.

Sijui kama huko mliko mnaitikia, lakini nikianza bila kukusalimia utasema kazi ya kusuka imenifanya nisahau adabu. Nakuandikia nikiwa Manyovu, kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na mpaka. Kipikipiki chako nimekiingiza chumbani, kiko kati ya kitanda na mlango. Mhudumu alinung'unika kwamba kitadondosha mafuta sakafuni, nikamwambia nitapiga deki mwenyewe. Kesho asubuhi navuka kwenda Burundi. Naogopa, Baba.

Tulikuzika mvua zikinyesha na sasa Tabora ni vumbi tupu. Kibanda chako cha sokoni, pale ulipokuwa ukitengeneza vyerehani, wanakaanga chipsi. Mama amehamia upande wako wa kitanda na hataki mtu aulize kwa nini. Mimi bado nasuka nywele barazani, na hicho kipikipiki kilikaa ukutani muda wote huo, na pedeli zake kama za baiskeli na namba zake za kigeni. Wateja walikuwa wakikicheka. Nami nilicheka nao, kisha usiku nilikifunika kwa kitenge ili kisipate umande.

Halafu Shangazi akapiga simu. Alisema familia ya huko Burundi imekubaliana kufanya kuganduka, kuumaliza msiba wako, lakini yeye hawezi kuuvua msiba wa kaka yake kama kitu ulichokuwa ukisafiria hakijarudi nyumbani. Ni chake, wewe ulikiazima tu, kimesajiliwa huko kwa jina lake. Na kibali cha kukaa nacho Tanzania kinaisha mwezi huu. Kikiisha kabla hakijavuka, watakikamata, na Shangazi atabaki na msiba wake shingoni. Mama alitaka tukipakie kwenye treni hadi Kigoma. Mimi ndiye niliyejidai. "Nitakiendesha mwenyewe," nilisema, "nataka kupita alikopita Baba." Ujasiri wa barazani huo. Nilikuwa sijawahi kukiendesha zaidi ya kwenda kisimani na kurudi.

Uliniambia kwamba njia hii ya kwenda ziwani walikuwa wakipita wapagazi na meno ya tembo begani, nawe ukapita na boksi la bisibisi. Hukuniambia habari ya malori. Likikupita, kile kiti kinatikisika na moyo unatikisika nacho, na vumbi likitua unajipapasa kama bado uko mzima. Hukuniambia jinsi msitu unavyonyamaza ukishapita Kaliua, mpaka mlio wa injini yako mwenyewe unakuwa kama unamwita mtu. Kila aliyesimama kando ya njia nilimwona mwizi. Mmoja kati ya hao wezi alikuwa bibi mwenye kuni, akanisalimia vizuri tu. Vijana wa bodaboda pale Urambo waliniuliza, "Dada, kikigoma si unakanyaga tu?" Kiligoma, Baba. Nikakanyaga pedeli na kitenge kimefungwa kiunoni juu ya suruali, huku nalia, na kikawaka.

Lakini si hayo ninayotaka kukuambia. Nimefanya jambo, na ndilo linaloninyima usingizi.

Ilianzia Usoke. Sikuwa na nia ya kusimama. Mlio ndio ulionisaliti, ule tututu uliowafanya watoto wakuite Fundi Tutu. Walitoka nyumba hii na ile wakikimbia, na nyuma yao akatoka Mama Kulwa, yule mshonaji wako, na mkanda wa kupimia shingoni. Akaniangalia mimi, akaangalia kiti, akaangalia barabara. "We Anjela! Fundi yuko wapi?"

Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba habari ya kifo haisemwi mtu akiwa amesimama. Mtu anakalishwa, anapewa maji, anasalimiwa kwa kirefu, na msemaji awe mkubwa wa kumshika mkono. Ndivyo ulivyofanya siku ile ulipotumwa kwa jirani yetu wa msikitini; ulikaa naye muda mrefu ukimuuliza habari za mbuzi wake kwanza. Na mimi nilikuwa juu ya pikipiki, miguu chini, injini inawaka, watoto wamenizunguka wanashangilia jina lako. Nilifungua mdomo likatoka lililotoka.

"Yuko nyuma," nilisema. "Anakuja."

Mama Kulwa akapiga makofi. Alisema cherehani yake inaruka uzi na nguo za shule zimejaa ndani, amewakataa mafundi wengine kwa sababu wanamkazia skrubu tu, anakusubiri wewe. Na kabla sijaondoka, Baba, aliwaita vijana wakaitoa ile cherehani nje barazani, ili ukifika usipoteze muda. Niliiona kwenye kioo cha pembeni, mpaka barabara ilipopinda.

Baada ya hapo ikawa rahisi, na hiyo ndiyo inayonitisha. Kaliua, yule mzee wa mizinga ya nyuki akaniletea chupa ya asali. "Mpe Fundi, ya kifua chake." Kifua chako! Nikasema asante, atafurahi, yuko nyuma. Nguruka nikasema uko nyuma. Uvinza, Kasulu, uko nyuma, uko nyuma. Watu wote hao leo wanatazama barabara. Nimekuacha umesimama kila kituo.

Nitaishia hapa. Taa inafifia.

*

Baba, naendelea. Sasa niko kwa Shangazi, nimekaa jikoni kwake, mikono inanuka vitunguu. Nikuambie ilivyokuwa.

Nilifika mpakani mapema, nikakisukuma kipikipiki kama ulivyosema, kwamba mtu mwenye heshima hafiki kwenye kizuizi akiwa amekaa. Ofisa wa forodha aliyetoka ni mtu mzima, mvi kichwani, koti la sweta juu ya sare. Hakuniangalia mimi, aliangalia namba, kisha akatabasamu. "Hiki si cha Fundi Tutu? Aliwahi kumtengenezea mke wangu cherehani. Mwenyewe yuko wapi?"

Cheti cha kifo kilikuwa ndani ya begi. Shangazi alikuwa amenisisitizia kwenye simu: fika, kitoe, kiweke mezani, usiseme mengi. Nami nilimwangalia yule mzee machoni nikasema, "Yuko nyuma. Anakuja."

"Basi tumsubiri," akasema. "Aliyekiingiza ndiye anayekitoa. Kaa pale kwenye benchi, binti."

Nikakaa. Watu walipita na mikungu ya ndizi, na baiskeli, na mitungi ya mawese. Wote walivuka. Nami nilikuwa naangalia barabara ya Kasulu, pale inapopandia kilima. Kila kofia iliyochomoza nilinyanyuka kidogo. Mwanzoni nilidhani naigiza ili yule mzee anione. Halafu nikaelewa kwamba siigizi. Nilikuwa nakusubiri, Baba. Nilikuwa nimeanza kukasirika kwamba umechelewa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko malori yote, kuliko msitu. Nilijiona nitakaa kwenye benchi lile mpaka jioni, na kesho yake, na Shangazi anapika chakula cha watu na kipikipiki hakifiki.

Nikainuka. Nikaenda mpaka dirishani kwake nikasema, "Mzee wangu, naomba ukae."

Alikuwa amesimama, ameshika muhuri. Aliniangalia. Hakuuliza kwa nini akae. Aliuweka ule muhuri chini, akavuta kiti, akakaa, akavua kofia akaiweka pajani. Kisha akasogeza kiti kingine nje ya mlango akanionyesha nami nikae.

"Habari za Tabora?" akauliza.

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu." Mama hamjui, Baba, lakini ndivyo inavyosemwa.

"Na vumbi?"

"Lipo."

"Haya, binti yangu," akasema. "Nimekaa."

"Baba amefariki."

Sikuwahi kuyasema hayo maneno mawili. Tabora nzima walinisemea: padri, majirani, mjumbe. Mimi kazi yangu ilikuwa kulia tu. Yule mzee akanishika mkono. Ndipo nikatoa cheti. Mwanamke aliyekuwa amebeba ndizi akaweka mzigo chini akasimama nasi, hata hakujua ni nani amekufa.

Nilipovuka, nilikumbuka ulivyokuwa ukiniimbia, "Ukishavuka, mkono wa kula, Anjela, mkono wa kula." Maana huku wanapita kulia. Nilikosea hata hivyo, lori likanipigia honi mpaka nikaingia kwenye nyasi. Nilikaa kwenye nyasi nikarudia kama mtoto wa chekechea, mkono wa kula, mkono wa kula, na nikakanyaga pedeli.

Shangazi alikisikia kabla hajakiona. Alitoka na mwiko mkononi, akakishika usukani, akaweka paji la uso kwenye kiti chako. Mimi sikumwambia akae. Alijua tayari. Kuganduka ni kesho. Asali ya Kaliua tutaionja sote, kila mtu kidole kimoja, na boksi lako la bisibisi, nililokuja nalo nyuma ya kiti, amesema nirudi nalo.

Nitarudi kwa basi. Naogopa, sitakudanganya. Naogopa zaidi kuliko nilipokuja, kwa sababu wakati wa kuja sikujua ninaogopa nini. Nitashuka Kasulu, nitashuka Uvinza, nitashuka Nguruka, nitashuka Kaliua. Na nitashuka Usoke, na najua cherehani itakuwa bado iko barazani, na Mama Kulwa atatoka mbio akitazama nyuma yangu.

Nakuahidi nitamwomba akae. Nitamuuliza habari za Kulwa na za Doto na za tumbaku, kwa kirefu, kama ulivyonifundisha, na nitamshika mkono. Cherehani nitaiangalia. Sindano najua kubadilisha na mkanda najua kukaza, uliniachia nikushikie taa mara nyingi. Nisipoiweza nitamwambia siiwezi.

Pumzika sasa, Baba. Huna haja ya kunifuata. Nikifika Usoke, nyuma yangu hakuna mtu anayekuja, na nitamwambia hivyo.

Mwanao,
Anjela