Bukini Pernel na Funguo za Chumba cha Watoto

Hexley, Machi 14

Dada yangu mpendwa Maud,

Natumaini barua hii itakukuta goti limepungua uvimbe, na kwamba wauguzi hawakunyimi chai yako nzito. Sisi huku ni wazima. Mvua tu ndiyo haitupi nafasi.

Najua madiwani wenzako wameshakupigia simu kukuambia nimewaaibisha. Basi yasikie kwangu pia.

Ijumaa ilikuwa hafla ya sarafu mpya ya peni hamsini, yenye sura ya Bukini Pernel, yule bata bukini wa kitabuni aliyekataa kuhama bwawa lake hata walipomletea mkokoteni. Kwa kuwa mtunzi wake alizaliwa mtaani kwetu, nami nimetunza chumba cha watoto maktabani miaka thelathini na moja, niliombwa niipokee sarafu ya kwanza na kutoa shukrani. Ukumbi ulijaa. Watu wazima walifuta machozi. Mzee Clegg, muuza nyama, akaniambia alipoiona ile shingo ndefu alijihisi yuko mapajani kwa mamake.

Mwenyekiti wenu akasema mji wetu hausahau utoto wake. Asubuhi hiyohiyo, Maud, alikuwa ameniletea barua kwamba chumba cha watoto kinafungwa mwisho wa mwezi, nikabidhi funguo. Nikashika kipaza sauti nikamuuliza bukini ana faida gani mfukoni ikiwa hakuna mtoto atakayemjua. Akaninong'oneza, "Bi Nesta, leo si siku ya mambo hayo." Nikamjibu wote wasikie, "Ndiyo siku yake hasa. Sarafu yenu chukueni, funguo sitoi." Nikaiacha mezani nikatoka. Nyuma yangu Clegg alikuwa akiwaambia, "Mama wa watu kasema kweli, mnakodoa nini?"

Wameniandikia onyo. Nimelirudisha ndani ya bahasha yake. Jumamosi nilifungua chumba kama kawaida, wakaja watoto kumi na tisa, wengine na nyanya zao, nikawasomea mpaka sauti ikakauka. Na wewe uliyenyoosha mkono kifungwe, sikuogopi, hata kama ulinitangulia kuzaliwa.

Lakini lipo jambo nimelimeza miaka sitini. Nilipokuwa na miaka saba, kitabu cha Bukini ulichoazima kwa jina lako kilipotea. Msimamizi wa maktaba alikufuta uanachama mbele za watu, baba akakuchapa, na hukukanyaga tena pale. Maud, hakikupotea. Nilikificha mimi nyuma ya tangi la maji, kwa sababu sikuweza kuachana nacho, na nilipokuona unalia nikaogopa kusema. Nadhani niliingia kazi hii ili nilipe, ila nikawalipa watoto wa wengine, si wewe. Kila ulipoiita maktaba nyumba ya wenye maringo, nilijua ni nani aliyekufundisha kuichukia.

Kwa hilo nakuomba radhi, dada. Kwa la Ijumaa, siombi.

Halmashauri ikilijadili tena, piga kura unavyoona. Mimi Jumamosi saa nne nitakuwa nimefungua. Nimekuandikia kadi ya uanachama, jina lako kamili, kwa mkono wangu. Siitumi kwa posta. Goti likikubali, njoo uichukue mwenyewe.

Wasalimie wagonjwa wenzako, na usiwaonee kwenye karata.

Mdogo wako, mkaidi kama ulivyonilea,
Nesta