Nyumba Isiyo na Namba

Chumba cha nyuma, nyumba ileile,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Rula,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi hajambo? Na yule mtoto wenu ambaye mimi shangazi yake namwota kila siku, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kwa ufizi? Sisi huku hatujambo, ingawa neno hilo leo usilichukue lote. Mimi ni mzima. Baba si mzima, na ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Kwenye simu utaniambia, "Nitakupigia baadaye, dada, niko kikaoni," na habari hii haisubiri kikao.

Tangu atoke hospitali hajashuka kitandani. Daktari aliniita pembeni akaniambia moyo umechoka, tuhesabu wiki, miezi tusiihesabu. Akili yake ni timamu kabisa. Bado analalamika kwamba supu yangu haina chumvi.

Kila asubuhi ananisimulia historia ya kampuni yenu, utadhani mimi ndiye niliyeajiriwa jana. Unaijua, lakini nitakuandikia, maana nahisi umeisahau. Wasanifu majengo wawili marafiki, chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, na meza yao ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya makasha. Shule yao ya kwanza waliichora mara kumi na nne. Leo mna ofisi katika nchi kumi na tisa, mnachora viwanja vya ndege na hospitali na yale majengo ambayo ukiyatazama mpaka juu shingo inauma. Ofisi ya hapa ilipofunguliwa walikuwa watu watano, na wa tano alikuwa Baba, fundi wa mifano. Kila jengo lililotoka ofisi hii lilianza likiwa kadibodi mikononi mwake. Walimwita Fundi Milimita, na mara ngapi aliwarudishia wasanifu michoro yao kwa sababu ngazi ilikosea kidogo tu!

Hakuna aliyeishika sheria ya namba kuliko yeye. Kazi ikiingia inaandikwa kitabuni, inapewa namba, na namba inabandikwa chini ya mfano kwa kibati cha shaba. Isiyo na namba si kazi ya kampuni. Alituimbia hayo mezani mpaka Mama akawa anaziba masikio.

Sasa nije kwenye linalonichoma.

Unaikumbuka nyumba yetu, ule mfano wa nyumba aliyotaka kutujengea, uliokaa pale ofisini kwenye rafu ya nyuma ya msumeno. Aliijenga wakati wa mapumziko ya mchana, kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, miaka kumi na moja. Jiko la Mama lilikuwa na dirisha la kutazama lango ili aone nani anakuja. Wewe ulipewa chumba cha ghorofani chenye mwanga wa kuchorea. Mimi nikapewa cha kando ya jiko, nikanuna wiki nzima. Kiwanja cha kuijengea kiliuzwa kukulipia masomo, na hakuna aliyenung'unika, hata Mama. Ukabaki mfano tu. Bosi wa zamani alimwambia auandikishe kitabuni ili utunzwe, Baba akakataa. "Hii ni ya nyumbani," alisema. "Siwezi kuiibia kampuni namba."

Mwezi uliopita ofisi ya hapa ilihamia kwenye ghorofa moja tu, nafasi ikapungua. Ukaja waraka kutoka makao makuu: mifano yote isiyo na namba itupwe kabla ya Ijumaa. Wiki hiyo Baba alikuwa amelazwa. Mama Karatasi, yule mtunza stoo, alinipigia lori likiwa tayari uani. Nilikimbia mpaka kamba ya kiatu ikakatika, nikakuta uwanja umefagiliwa. Karibu na lango niliokota paa la jiko, dogo kama kiganja, limebonyea pembeni. Mama Karatasi alilia kuliko mimi, akanipa waraka nisije nikadhani ni yeye.

Chini yake kulikuwa na sahihi yako.

Najua hukujua. Nimejiambia hivyo kila siku tangu siku hiyo. Uliandika sheria ya ofisi kumi na tisa, na ukiwa huko mbali rafu zote zinafanana. Lakini Rula, rafu ile ulifanyia hesabu zako za shule chini yake! Ungeuliza. Simu moja tu, mdogo wangu. Nilikukasirikia mpaka chakula kikanishinda, na sitakuficha, hasira haijaisha yote.

Baba nilimficha. Akitaka nyumba yake iletwe kando ya kitanda, nilikuwa namwambia ufunguo wa stoo umepotea, au Mama Karatasi yuko likizo. Wiki nzima nilimdanganya mzee wa watu. Siku moja akatafuta miwani yake kwenye mkoba wangu, akaupata waraka. Akausoma mara mbili. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi. Akapitisha kidole juu ya sahihi yako, polepole.

"Mkono wake umetulia siku hizi," akasema. "Zamani alikuwa anakandamiza sana kalamu."

Kisha akasema sheria ni sawa, nyumba haikuwa na namba, akageukia ukutani. Mama alipotutoka sikumwona Baba akilia. Siku hiyo nilimwona.

Kesho yake akaomba kadibodi, kisu, gundi na rula yake ya chuma. Anajenga upya, kwenye sinia juu ya magoti. Kisu kinamponyoka, na nikinyoosha mkono kumsaidia ananikata jicho. Sinia ni dogo, kwa hiyo safari hii nyumba ameifanya kwa skeli ya moja kwa mia, nusu ya ile ya kwanza. Kuta zilisimama siku ya tisa. Jana akakata watu wanne: yeye, Mama, mimi, na wewe. Mkono ukaenda ulikozoea, akawakata kwa moja kwa hamsini, skeli ya nyumba ile ya zamani. Watu ni wakubwa mara mbili. Hawaingii mlangoni, na kichwa cha Mama kinagusa dirisha la ghorofani. Miaka thelathini na minne hajakosea skeli hata mara moja! Nilikwenda jikoni nikauma khanga yangu nisisikike.

Sikumwambia. Alijaribu kumpitisha Mama mlangoni, akamgeuza ubavu, akajaribu tena, kisha akatugundisha watatu nje, mbele ya nyumba. Wewe hakukugundisha. Amekulaza kwenye kiberiti kitupu kando ya mto wake. Nilimuuliza kwa nini.

"Huyo aje aniambie mwenyewe asimame wapi," akasema.

Basi njoo. Usilete maelezo, hakuna aliyekuomba maelezo. Waambie mabwana wakubwa wa huko kwamba kuna kazi moja huku haimo kitabuni na haiwezi kungoja. Usipokuja sasa, ndugu yangu, sijui nitakiweka wapi kile kiberiti.

Nisalimie sana wifi, na umbusu mtoto kwenye mashavu yote mawili. Mjomba anakusalimu, anauliza kama huko bado unakula kwa kuchagua. Mama Karatasi naye anakusalimu, hana kinyongo. Mungu akufungulie njia, akulinde angani na ardhini, akufikishe mlangoni kwetu umkute mzee macho yake bado yako wazi.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekununia,

Dada Mkubwa.

Nilisahau: lile paa la jiko ninalo, Baba hajui. Leo mchana aliposinzia nililishika juu ya wale watatu waliosimama nje. Limewafunika sawasawa, na pembeni pamebaki nafasi ya mtu mmoja.