Kwa Nini Alimwambia Wesley

Jumapili jioni, Silibwet. Mvua ya mawe imepiga majani ya chai, ikapiga na roho yangu.

Shajara, kabla ya mengine nikukumbushe unaandikwa na nani. Bila hii pua yangu, chai ya Bomet haingenyweka ng'ambo. Kuna mwaka wazungu wa mnada walituma gari jeusi kunichukua. Wakanifunga macho, nikanusa magunia, nikawaambia hili ni la Kericho, hili la Bomet, na hili limebebwa na mtu aliyekula kitunguu. Mzungu mmoja alilia. Shule niliachia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa na mambo ya kunifundisha.

Sasa mtu kama huyo, kwa ukoo wake mwenyewe, anapata habari akiwa wa mwisho.

Ilikuwa leo baada ya kanisa, kwa dada yangu Rael. Hata kuku hatujamaliza, mdogo wangu Wesley akanawa mikono polepole, akatoa mfukoni kitu kama kalamu nono ya rangi ya zambarau, akakiweka kando ya ugali. Akamwangalia Kipngeno. Kipngeno ni kijana wa Rael, yuko gredi ya tisa, mrefu kama mti wa stima. Akainamisha kichwa, akasema, "Mum, hiyo ni vape. Ni yangu. Navuta tangu mwanzo wa mwaka."

Rael alipiga mayowe. "Bangi! Yesu wangu, bangi kwa nyumba yangu!"

"Si bangi, mum. Ni sigara ya betri, mvuke tu. Kwa class yetu hata hiyo si habari."

"Mvuke ni wa sufuria!"

Nami nilishtuka, lakini nikiri ukweli, si kwa sababu ya vape. Nilishtuka kuona kile kitu kimetoka mfukoni mwa Wesley. Maana yake kijana alishamwambia. Alishampa akiweke. Na mimi niko hapo na paja la kuku mkononi kama mgeni.

Wesley!

Mtu anayepima majani kwa kituo cha kununua chai, ambaye maneno yake ya mwaka mzima hayajazi kikombe. Kitu pekee amewahi kufanya duniani ni kuvuta sigara miaka mingi kisha akaacha. Mimi nimekimbizwa na nyati hadi Mulot, nikageuka, nyati akaogopa. Sasa wewe kijana, kati ya hawa wajomba wawili, unampelekea nani siri?

Mchungaji alihubiri juu ya wivu asubuhi hii hii. Niliitikia amina kwa sauti kuliko kanisa lote.

Nilisimama niokoe hali. Nikaanza na habari ya fisi wa Mulot aliyeokota kipande cha sigara, akavuta, akasahau kucheka. Ni hadithi nzuri, ina mafunzo. Nilipofika mahali fisi anakohoa, Rael alinikata. "Kaka, tafadhali. Hebu Wesley aongee." Halafu, akipangusa macho, akasema pengine Desemba, Wesley ndiye ampake kijana siagi.

Shajara, wewe unajua. Kwetu mvulana haendi jandoni bila baraka ya kaka wa mama yake. Huyo ndiye anampaka siagi kichwani, na bila yeye safari haina miguu. Na kaka mkubwa wa Rael ni mimi. Nimemngojea huyu mtoto tangu akiwa na nepi. Ng'ombe wa siagi hiyo nimeshamchagua, yule mwenye nyota usoni.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mahindi.

Kipngeno alinifuata baadaye, mikono mfukoni. Sikuzunguka. Nikamuuliza, "Kwa nini Wesley?"

Akakanyagakanyaga matope. "Anko, nilitaka kukuambia wewe kwanza. Ile siku ya kuchuma chai, likizo ya Aprili. Nikasema anko, kuna kitu. Ukaanza ile ya nyati."

"Si ungengoja niimalize?"

"Anko, haujaimaliza hadi leo."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kuufunga ni kazi ngumu kuliko nyati, hilo nakuambia bila chumvi. Nikamwambia, haya, niambie sasa.

Akaniambia. Kwamba alianza kwa kuonja ya rafiki, ikawa na ladha ya embe, akaona ni mchezo. Siku hizi akiamka, mkono unaenda chini ya mto kabla hajafungua macho. Kipindi cha hesabu kikirefuka anaanza kutetemeka. Na kitu kinachomkosesha usingizi si mama yake, ni Desemba. Kule wavulana wakitengwa, hakuna kwenda na kitu mfukoni. Anaogopa mikono itatetemeka mbele ya wenzake, wamwite mwoga maisha yote. Wesley amemwambia ukiacha mapema, kule kutetemeka kunapungua, kwa hivyo waanze sasa.

Hadithi nne zilinijia nikimsikiliza. Moja ilikuwa na chui. Nilizimeza zote.

Alipomaliza alikuwa na machozi, nami nikamshika bega tu. Akasema, "Asante, anko." Nimeongea miaka yote hii na huyu mtoto, na asante ya namna hiyo sikuwahi kuipata. Wesley bila shaka anazo gunia zima. Bado inaniuma, sitadanganya.

Kuhusu siagi, alisema, "Ikiwezekana mnipake wote wawili." Nimekubali. Lakini mkono wangu utatangulia.

Jumamosi anakuja kwangu tufanye kazi shambani asipate nafasi ya kutamani. Nimeahidi kusikiliza. Je, nitaweza?

Ila tukiagana aliniuliza kitu. "Anko, na hiyo pua yako yote, Aprili nikilala kwako, hukunusa? Nilikuwa navutia kwa korido kila jioni."

Nikamjibu nilinusa siku ya kwanza, nilikuwa namngojea tu aseme mwenyewe. Akaniangalia kwa heshima kubwa.

Shajara, hapa ni wewe na mimi. Kunusa nilinusa kweli. Embe, nyumba nzima. Nikafikiri ni losheni mpya ya mke wangu. Nikamwambia siku hizi ananukia kama msichana, nikaanza kurudi nyumbani mapema.

Yeye hakuwa na losheni yoyote. Na bado ananiuliza kwa nini niliacha kumsifu shule zilipofunguliwa.