Jinsi Tulivyohudumiwa Melini, na Keki Ile Mliyoisifu

Northfield, Birmingham
Jumapili, tumetoka kanisani

Mdogo wangu mpenzi Wakesho,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kama mchanga wa Voi. Hujambo wewe? Miguu imeacha kuvimba? Na baba watoto, bado anakohoa, au amekubali kuacha ile sigara yake? Ng'ombe mweupe amezaa? Mimi kwa mwili nipo, ukitoa goti. Kwa mwili, nimesema.

Barua hii anakuletea mke wa mzee wa kanisa letu, anakuja huko kwenye harusi ya mpwa wake. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima, na kile kikundi cha familia ni kama baraza la chifu: mtu akipiga chafya asubuhi, jioni anapewa pole na watu asiowajua. Haya ya leo ni yako peke yako. Ukimaliza kusoma, weka mahali ambapo watoto hawafiki.

Kwanza nikujibu ulichoniuliza. Ulisema mke wa mwalimu mkuu anabisha kwamba kwenye ile meli mimi nilikuwa mfanyakazi, si mgeni, eti wageni wa vile ni Wazungu tu. Mwambie afunge mdomo wake. Nilikuwa mgeni, tena mgeni wa daraja la juu. Mwanangu Eliza, muuguzi mkuu wa wodi, ndiye aliyenilipia. Wangapi huko kwenu wana mtoto wa namna hiyo?

Huduma ile wanaiita konsiaji. Meli yenyewe ni ya familia, imejaa watoto, kelele kama shule wakati wa mapumziko. Watu wa kawaida wanapanga foleni ya kuingia, foleni ya chakula, foleni ya bwawa. Sisi hatukupanga. Tulifika bandarini Southampton asubuhi, mkwe wangu Daudi akiendesha, na kabla sijashusha mguu wangu mbovu kwenye gari, mtu ameshika kiti cha magurudumu na kuniita jina. Jina langu, Wakesho! Tukafungwa vibangili vya zambarau mkononi. Ukikaribia mlango na kibangili kile, mlango unajifungua wenyewe, na ndani kuna sebule ya watu wachache, matunda yamekatwa, kahawa, keki ndogondogo, na hakuna anayekuuliza umekula ngapi.

Konsiaji mwenyewe ni mtu aliyepewa vyumba vichache tu avitunze. Wetu aliitwa Anselmo, mtu wa Goa, mwenye mvi, suti ya bluu. Ndiye yule wa kwenye picha mliyemdhania kuwa nahodha. Kazi yake ni kuhakikisha hutamani kitu ukakikosa. Wajukuu wakitaka kwenda kwenye michezo, ameshawaandikisha. Ukitaka meza karibu na dirisha, imeshawekwa maua.

Mtu akikuuliza atarajie nini akipata huduma hiyo, mwambie hivi: atajulikana. Kabla hujafika umeshajulikana. Siku ya kwanza Anselmo aliniletea chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani, si ile yao ya kuchovya kifuko. Nilikuta mto wa kuweka chini ya goti. Kwenye bafu pamewekwa kigoda. Nikamuuliza Eliza, "Huyu mtu ni mganga? Ameyajuaje haya?" Akacheka, akasema kuna fomu alijaza nyumbani: mnakuja wangapi, nani anaumwa wapi, nani anakunywa nini, mnasherehekea nini.

Nilivimba kichwa, sitakuficha. Wewe unajua kazi yangu hapa, kwenye nyumba ya wazee. Mimi ndiye ninayejua kwamba yule bibi wa chumba cha mwisho hapendi pazia lifunguliwe, na yule mzee aliyekuwa dereva anataka soksi za rangi moja. Tangu nije nchi hii ni mimi ninayewajua watu. Kujuliwa mimi, ilikuwa mara ya kwanza.

Lakini mazoea hayaachi mtu. Kila asubuhi nilitandika kitanda, nikasugua sinki, nikakunja taulo. Anselmo akanifumania nimeinama.

"Mama, tafadhali, acha kitanda."

"Kitanda nilicholalia mimi akitandike mwanamume wa watu?"

"Ndiyo kazi yake, Mama."

"Basi akute nimemsaidia. Mwambie apumzike."

"Akipumzika nitaulizwa mimi."

"Mwambie anayekuuliza aje aniulize mimi."

Alicheka mpaka akashika mlango. Zawadi, mjukuu wangu mkubwa, akafunika uso, "Nyanya, stop it, please!" Hawa watoto Kiswahili wanakisikia vizuri sana, ila kukisema ni kama unawang'oa jino.

Sasa, Wakesho, kaa chini kama umesimama.

Siku ya tatu, mchana, wenzangu walikuwa bwawani. Anselmo akagonga akiwa na karatasi. Akasema, nakupa maneno yake kwa Kiswahili, "Mama, nahakikisha tu habari ya keki ya kesho. Binti yako hakusema iandikwe jina lako au iandikwe Nyanya."

"Keki ya nini? Hakuna aliyezaliwa kesho."

"Ya kuagana, Mama. Kwa vile wao wanahamia Australia."

Akaniangalia usoni. Mtu amefunzwa kujua kila kitu cha mgeni, na hapo ndipo alipojua kwamba mimi nilikuwa sijui. Hawaruhusiwi kuketi kwenye chumba cha mgeni, basi akachutama palepale mlangoni na suti yake, akawa chini yangu kama mtoto anayeomba radhi.

"Nisamehe, Mama. Nisamehe sana. Nitapoteza heshima yangu."

Nikamwambia, "Inuka, baba. Hukukosea wewe. Andika Nyanya."

Alipotoka nikakaa kwenye kile kitanda nilichokitandika mwenyewe. Sikulia. Unakumbuka alipofariki baba yetu? Mimi nilikuwa Mombasa kwa shangazi. Nikapikiwa kwanza, kuku mzima, nikashibishwa, ndipo nikaambiwa. Sisi ndivyo tulivyo, habari mbaya hapewi mtu mwenye njaa. Nami ndivyo nilivyomlea Eliza. Basi nikaelewa kwa nini safari nzima nilikuwa nalishwa.

Sikumwambia Eliza kwamba najua. Ningewezaje? Mtoto amehangaika kuniandalia, nimharibie? Nikavaa lile gauni la kitenge la kijani, nikaenda mezani siku iliyofuata, nikala samaki, nikala nyama, nikawa nangoja kama mtu anayengoja sindano. Keki ikaletwa. Wahudumu wakaimba. Eliza akanishika mkono.

"Mama, Daudi amepata kazi Perth. Na mimi hospitali ya huko imenichukua. Tunaondoka Januari."

"Hongereni," nikasema. "Na mimi?"

"Karatasi zao zinachukua mume, mke na watoto. Nimeuliza, Mama. Nimeuliza mpaka nikawachosha."

"Nitabaki Northfield, basi."

"Nyumba tunamrudishia mwenyewe. Na kibali chako kinaisha Aprili. Kwa goti hilo, kazini hawatakuongezea, wameshakupunguzia siku." Hapo akaanza kulia yeye. "Lakini, Mama, wewe si una nyumba yako? Ile ya mabati ya kijani. Tutakununulia kitanda kipya, jiko jipya. Utapumzika sasa."

Daudi alikuwa anaangalia sahani. Imani, yule mdogo, akanipanguza krimu kidevuni, akasema kwa Kiingereza chake kwamba tutaonana kila siku kwenye simu.

Wakesho, Eliza hajui. Sikumwambia kamwe.

Wewe unajua, ulikuwepo. Ile siku ya kuniombea safari, watu wamejaa uani, wali umepikwa, wazee wamekaa mbele. Mtu anayehama hugawa vitu vyake, huyu sufuria, yule jembe, ndiyo desturi. Vingetosha sufuria na majembe. Lakini mimi, na kinywa changu hiki, nikasimama mbele yao wote nikasema, "Nyumba hii kuanzia leo ni ya Mwakio, mtoto wa mdogo wangu. Mimi sirudi kulala hapa. Nikija kuwatembelea nitalala hoteli!" Walipiga makofi. Vigelegele vilipigwa. Mzee wa ukoo akaliombea neno hilo likawa limefungwa. Nilijiona Malkia wa Sheba.

Neno lililosemwa mbele ya wazee na kuombewa halirudi kinywani. Najua. Sisemi lirudi.

Basi Eliza alipouliza, nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu, nyumba ipo." Ni kweli, ipo. Mpiga picha akasema tucheke. Ile picha ya keki mliyoisifu kwenye simu, mkaandika hongera na mioyo myekundu, ndiyo hiyo. Tazama mkono wa Eliza ulivyonishika.

Usimlaumu. Nakataza mtu yeyote amlaumu mbele yako. Mwanangu hakunitupa. Angeweza kuniambia jikoni huku anaosha vyombo, lakini alinipandisha meli, akanitafutia mtu wa kunichemshia chai. Nani mwingine aliagwa vile? Mke wa mwalimu mkuu ataagwa na nani?

Tumerudi wiki ya tatu sasa. Nyumba imejaa maboksi. Kitanda cha Imani kimechukuliwa na jamaa mmoja wa Small Heath, mtoto analala kwangu, anapiga mateke kama punda. Namwacha tu. Hunikuti nikilala, nahesabu pumzi zake. Kazini nimebaki siku mbili kwa wiki. Jana yule bibi wa pazia aliniuliza kama nitakuwepo Krismasi ya mwakani, nikamjazia maji kwenye glasi iliyokuwa imejaa.

Kanisani kwetu Acocks Green nilikuwa nimeshatoa ushuhuda wa meli, Wakesho. Nilisimama mbele! Watu wakasema amina. Sasa nitasimama tena niseme nini? Leo Mama Furaha, Mkongo, tunayekaa naye benchi moja, amenitazama wakati wa wimbo.

"Mama Eliza, weye unalia?"

"Ni baridi."

"Baridi haina machozi. Unakataa kunielezea?"

Nikamweleza. Yeye alitoka kwao na watoto wawili na nguo ya mwilini, nyumba yake ndiyo haipo kabisa. Hakunipa mahubiri. Aliniambia tu, "Andikia mdogo yako. Haya si ya kuwaza weye peke. Mungu iko, lakini andika." Ndiyo maana unasoma haya.

Nimezunguka sana, sasa niseme. Wakesho, sina pa kwenda. Huku sitabaki, kule hawanichukui, na huko nilipaaga kwa majigambo. Nimewaza kupanga chumba Voi mjini, lakini nitapita vipi barabarani? Watu watanisalimia, "Karibu, Mama wa hoteli." Utawasikia. Wewe ndiye ulikuwa na huruma tangu utoto, mimi nilikuwa na maneno.

Nyumba ni ya Mwakio, sitaigusa. Naomba chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunaweka mahindi. Dirisha lake dogo linatosha. Sitaki kitanda kipya cha Eliza. Umwulize mwanao Mwakio faraghani, asilazimishwe, asiambiwe kwamba nilimlea. Aulizwe tu kama mtu anavyomwuliza mwenye nyumba. Na wazee wasijue mpaka amejibu.

Usinijibu kwenye simu. Mke wa mzee wa kanisa atakaa huko wiki mbili, mpe barua. Kama Mwakio amekubali, niambie. Kama amekataa, usijisumbue kutafuta maneno ya kunipooza. Niandikie salamu tu, habari za ng'ombe, habari za mvua, mimi nitaelewa na sitakuuliza mara ya pili.

Watu wakikuuliza habari zangu, sema Eliza amepanda cheo, anahamia Australia. Si uongo.

Nisalimie baba watoto na kikohozi chake. Nisalimie kaka yetu mkubwa, mwambie fimbo aliyoniagiza nimeipata, yenye mpini wa shaba. Msalimie mama mchungaji, na yule jirani wa kisimani aliyenisuka nywele siku ninaondoka. Hata mke wa mwalimu mkuu msalimie, maskini, hajawahi kupanda hata mashua.

Na umsalimie mke wa Mwakio, ambaye sijamwona ila kwenye picha ya harusi. Mwambie sina kinyongo naye hata chembe. Mwambie mimi huamka mapema, nafagia vizuri, na sili sana.

Ni mimi dada yako,
Mkamburi, Mama Eliza